Kompaila Mbili na Televisheni Moja

Najma hakuwa mtu wa kukaa. Hata chakula alikula amesimama, sahani mkononi, akitembea kutoka barazani hadi ukumbini na kurudi, huku akiitazama balbu ya ukumbini kama mtu anayesubiri mgonjwa afumbue macho. Balbu ilikuwa imezima tangu asubuhi. Mwaka ule wa mgao, Tegeta nzima iliishi hivyo, umeme ukija na kuondoka bila hodi. Wenzake walikosa taa na maji ya baridi. Najma alikosa kompyuta.

"Kaa chini, mjukuu wangu," Bibi Hija alimwambia kutoka mkekani, ungo wa mchele magotini. "Balbu haiwaki kwa kutazamwa."

"Nimekaa, Bibi."

"Umekaa wapi? Unapita na kurudi, mie nachambua mawe huku kichwa kinanizunguka."

Najma akacheka, akakaa, akainuka tena.

Kompyuta yenyewe haikuwa mpya. Baba yake mdogo, Talha, aliyekuwa akifanya kazi bandarini Maskati, aliwanunulia wanawe, nao walipoichoka akaitia kwenye boksi la sabuni na kuileta Dar. Ilikuwa ile ya nyumbani, ya miaka ya nyuma, kibodi na mashine vimeumbwa pamoja, na haikuwa na kioo chake. Lazima uichomeke kwenye televisheni. Vitufe vyake vilikuwa na herufi za Kiarabu ubavuni mwa zile za Kizungu, na ukiiwasha inaanza kwa maneno ya Kiarabu. Vijana wa mtaani waliokuja kuijaribu waliishia hapo hapo. Najma alikuwa amesoma chuo cha Kurani tangu utotoni, kwa hiyo aliyasoma yale maneno, akabonyeza palipotakiwa, akapita. Ndivyo alivyoanza, na hakuacha tena.

Sasa Talha huyo huyo alikuwa akimwita Maskati. Mkewe ana watoto wadogo na mgongo unamsumbua. Alipiga simu kwenye duka la jirani, Najma akaitwa, akaenda mbio.

"Njoo ukae nasi, mwanangu," Talha alisema. "Utawalea wadogo zako, na mie nitakutunza. Hapo Tegeta unafanya nini?"

Aliyasema kwa upendo, na huo upendo ndio uliomfunga Najma mdomo. Angesema kwa ukali, angejibiwa. Alichoweza kusema ni kwamba kuna kazi anaifuatilia.

"Basi ukiipata, baki. Sitakukasirikia. Usipoipata, mwezi ukiandama tu nakata tiketi."

Kazi ilikuwa Kinondoni, kwenye ofisi ya dada mmoja aitwaye Jesca, mhandisi kutoka Songea, aliyekuwa akiandika programu za maduka na shule. Wakati ule kila mwenye duka kubwa alitaka kompyuta, na Jesca alizidiwa. Najma alipokwenda kuomba, Jesca hakuuliza cheti.

"C unaijua?"

"Nimeisoma kitabuni, dada."

"Kitabuni! Haya. Jumamosi niletee programu uliyoiandika mwenyewe kwa C. Usininakilie kitabu, nitakujua. Nataka itatue jambo la watu unaowafahamu. Ikifanya kazi tutaongea. Isipofanya, tutasalimiana tu."

C ni lugha ya kuandikia programu. Mtu anaandika kwa maneno anayoyaelewa yeye, halafu programu nyingine, iitwayo kompaila, inayageuza maandishi yale yawe maagizo ambayo mashine inaweza kuyafuata. Bila kompaila, umeandika insha tu. Na kompaila za mashine ya zamani kama ile ya Najma hazikuuzwa duka lolote la Dar.

Aliyezipata ni Fransis, fundi wa redio mwenye kibanda kando ya Barabara ya Bagamoyo. Alimwomba binamu yake anayesoma ng'ambo, binamu akanakili, na siku moja Fransis akaja mwenyewe hadi barazani na diski mfukoni mwa shati, amezifunga kwenye leso safi zisipate vumbi. Hakutaka kitu. Alipewa chai, akanywa.

"Sista, hapa kuna kompaila mbili," alisema. "Hii kubwa ndiyo yenyewe. Ina kila kitu, hesabu za desimali, yote. Watu wa maofisini wanatumia za namna hii. Hii nyingine ni ndogo, mtu kaitengeneza kwa ajili ya vimashine vyenye kumbukumbu kidogo. Haijui desimali. Namba nzima tu, moja, mbili, tatu. Mie ningekuwa wewe hiyo ndogo ningefunikia glasi."

Najma akachagua kubwa. Nani angechagua ndogo? Jambo alilotaka kulitatua lilikuwa mirathi, jinsi ya kugawa mali ya marehemu kwa warithi wake kwa sheria ya Kiislamu. Humo mna nusu, robo, theluthi na thumuni, ambayo ni sehemu moja ya nane. Bila desimali angeziandikaje?

Basi kompaila kubwa ikamtesa. Haikutosha kwenye diski moja, na kompyuta ilikuwa na tundu moja tu la diski. Inasoma kidogo, inasimama, inaomba diski ya pili. Unachomoa, unachomeka. Inasoma, inaomba ya kwanza. Tangu kuanza hadi kumaliza, maharage yangeiva. Ukiwa umesahau alama moja tu, inakwambia kosa liko mahali fulani, unasahihisha, unaanza upya na maharage mengine. Na mara nyingi kabla hayajaiva, umeme unakatika, pu! Televisheni inakuwa nyeusi, na kazi yote imekwenda na maji. Najma alikuwa akibaki amekaa mbele ya kioo cheusi, diski mkononi, mguu wake mmoja ukigonga sakafu wenyewe.

Alhamisi mchana umeme ulikuja na ukakaa. Maharage yakaiva. Programu ikawaka.

"Bibi! Bibi, njoo uone!"

Bibi Hija alikuja akijifuta mikono kwenye kanga. Najma akamweleza kwamba ameijaribu kwa mirathi ya marehemu babu, kwa kuwa mgawo wake ulikuwa unajulikana na nyumba nzima. Babu aliacha mke, ndiye Bibi Hija mwenyewe, na watoto watatu wa kiume: Talha, halafu mkubwa wao aliyekuwa Mafia, na baba yake Najma aliyekuwa Kilwa. Mali ilikuwa shamba la minazi kule Bunju. Programu ilikuwa imeandika: mke 0.125, na kila mtoto 0.292.

"Nisomee," Bibi Hija alisema, kwa kuwa miwani yake ilikuwa imevunjika mguu. Najma akasoma. "Sasa vikijumlishwa?"

Najma akajumlisha kwa kalamu. Akajumlisha tena.

"Moja... na nukta sifuri sifuri moja."

"Kimezidi?"

"Kidogo sana, Bibi. Ni mashine inakadiria. Si kitu."

Bibi Hija akaitazama televisheni kwa upole, kama anavyomtazama mtoto wa watu aliyevunja kikombe. "Na hicho kilichozidi ni cha nani?"

Najma akaitazama tena karatasi.

"Maana mrithi wa tano hayupo. Siku ile ya babu yako hakikuzidi kitu, mwanangu, wala hakikupungua. Nawe hukuzaliwa jana, ulikuwepo. Ulikaa hapa mapajani mwangu."

Akarudi jikoni. Najma akabaki amesimama katikati ya ukumbi. Ni kweli alikuwepo. Alikuwa mdogo, amevaa gauni la njano, na alikumbuka shehe aliyekuja kugawa akiomba mbaazi bakulini. Bibi, akiwa bado ndani ya eda na macho yamemvimba, alimletea. Shehe alihesabu mbaazi ishirini na nne mkekani. Thumuni yake ni mbaazi tatu, akazisogeza upande wa mjane. Zikabaki ishirini na moja. Saba, saba, saba. Hapakuwa na mbaazi iliyokatwa. Najma mdogo alitaka kuzichezea, na shehe, badala ya kumkemea, alichukua mbaazi nyingine bakulini akampa ashike.

Namba nzima tu. Moja, mbili, tatu.

Alianza kutembea tena, lakini safari hii kwa kasi, hadi Bibi akachungulia kutoka jikoni. Unatafuta kwanza idadi ya mafungu ambayo sehemu zote zinaingia bila kukatika, halafu unagawa. Ndivyo walivyofundishwa chuoni, ndivyo mashehe wote wanavyofanya, na yeye, kwa kuwa ameona kompyuta, alikuwa amekimbilia desimali.

Alikwenda kibandani kwa Fransis moja kwa moja, kanga begani.

"Natumia ile ndogo."

Fransis aliweka chini chuma chake cha kulehemu. "Sista, kesho kutwa ndiyo Jumamosi. Unabadilisha sasa hivi?"

"Sihitaji desimali."

"Utachekwa Kinondoni. Yule dada atakuuliza umetumia nini, utamwambia kile kikompaila?"

"Hiyo kubwa ina kila kitu, ila haina nafasi ya mie kukosea. Nikikosea mara moja umeme umekatika."

Fransis akajikuna kichwa. "Haya. Ila kuandika upya mwanzo hadi mwisho kwa umeme huu, omba Mungu wako na mie naomba wangu."

Ijumaa umeme haukuja kutwa. Najma aliandika programu nzima upya kwa kalamu kwenye karatasi, barazani, akiinuka kila gari la shirika la umeme lilipopita. Adhana ya magharibi ilipokwisha tu, balbu ikawaka, na mtaa mzima ukapiga kelele kwa furaha.

Na hapo ndipo shida nyingine ilipoingia mlangoni. Televisheni za Dar zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza matangazo, na uchochoro ule ulikuwa na televisheni moja, ya Bibi Hija. Kila jioni majirani walikuja kuangalia tamthilia. Bernadeta, mama Lulu, alikuja na kigoda chake na mwanawe mgongoni. Mzee Mudathir, seremala, alikuja na mkewe mkubwa, Bi Somoe. Walimkuta Najma amepiga magoti mbele ya televisheni na waya mkononi.

"Leo vipi, mitambo?" Bernadeta aliuliza. "Jana wamemwacha yule mwanamke mlangoni na kisu. Mie sijalala."

Najma aliwatazama mmoja mmoja. Bibi Hija ndiye aliyesema, taratibu, huku akiwatandikia mkeka kama siku zote.

"Jamani, mjukuu wangu ana kazi yake humo. Kesho anaipeleka. Isipokamilika anakwenda Maskati, na mie nabaki na nyie na hiyo televisheni."

Bi Somoe akamtazama mumewe. Bernadeta akavuta pumzi ndefu, akakitua kigoda chake palepale kilipokaa kila jioni.

"Basi tunaangalia ya Najma," alisema. "Yule wa kisu atanisubiri."

Wakakaa. Hakuna aliyeondoka. Najma aliandika, nao wakaangalia herufi nyeupe zikijipanga kwenye kioo cha buluu, wakazisema kana kwamba ni watu. Kompaila ndogo ilifanya kazi kwenye diski moja, haikuomba chochote. Maji ya chai hayajachemka, imemaliza. Kosa. Akasahihisha. Kosa tena.

"Huyu adui ni nani?" Bernadeta alinong'ona.

"Alama nimeisahau, mama Lulu."

"Mpige."

Mara ya tatu programu ikawaka. Mirathi ya babu: mafungu ishirini na nne, mke matatu, watoto saba saba. Najma akageuka, na Bibi Hija akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa niue mie," Mzee Mudathir alisema.

"Mzee!"

"Niue nione. Nimekufa, nimeacha wake wawili na watoto watatu wa kiume. Mashine inasemaje?"

"Mie nipo hapa hapa," Bi Somoe alisema, "nasikia unavyokufa."

"Si utarithi? Tulia."

Najma akamuua. Programu ikaandika: kila mke mafungu matatu, kila mtoto saba. Jumla, ishirini na saba kutoka ishirini na nne. Ukumbi mzima ukalipuka.

"Wake wawili hawapewi thumuni mbili!" Bi Somoe alisema, mkono kiunoni. "Tunagawana hiyo hiyo moja. Mashine yako inanipendelea, mwanangu, ila si haki."

"Iache ilivyo," alisema Mzee Mudathir, "labda leo nitalala kwa amani."

Najma alikuwa amekwisha kupiga magoti tena. Hakuwahi kufikiria wake wawili, kwa kuwa babu yake alikuwa na mmoja. Kesho Jesca angejaribu lolote. Sehemu ya wake isipogawanyika kwa idadi yao, mafungu yote yazidishwe kwa idadi hiyo, kama mtu anayekata kila mbaazi kabla ya kuanza kugawa. Akaandika. Balbu ikafifia, ukumbi ukapiga yowe, balbu ikarudi. Bernadeta, bila kuambiwa, akachukua kibatari, akakiwasha na kukiweka karibu na karatasi za Najma, endapo. Kompaila ikamaliza. Mzee Mudathir akafa mara ya pili: mafungu arubaini na nane, kila mke matatu, kila mtoto kumi na manne. Najma akajumlisha kwa sauti, nao wakajumlisha naye, na ikatimia.

Akahifadhi kazi kwenye diski. Umeme ukakatika kabla hawajamaliza kupiga makofi.

Jumamosi asubuhi alifika Kinondoni kabla ofisi haijafunguliwa, akatembea mbele ya mlango hadi mlinzi akamletea kiti. Hakukikalia, lakini alimshukuru. Jesca alipofika aliichukua diski, akaitia kwenye kompyuta ya ofisini, kubwa na ya kisasa, akayafungua maandishi ya C, akasoma kimya.

"Mbona hakuna desimali hata moja? Umetumia kompaila gani?"

Najma alifikiria kusema ile kubwa. Maneno yalifika ulimini.

"Ile ndogo, dada. Ya namba nzima. Nina kompyuta ya zamani ya nyumbani, na umeme wetu haukai. Nilikuwa na kubwa pia, nikaiacha."

"Ukaiacha!"

"Ilinipa jibu lililozidi kidogo. Bibi yangu akaniuliza kilichozidi ni cha nani. Mirathi inagawiwa kwa mafungu kamili, dada, haihitaji desimali. Na hiyo ndogo nikikosea inaniambia upesi. Jana usiku nimekosea mbele ya mtaa mzima."

Jesca hakucheka. Aliyapitisha maandishi yale yale kwenye kompaila ya ofisini. Najma hakuwa ameyaona maandishi yake kwenye mashine nyingine, na alisimama nyuma ya kiti akishikilia ncha ya mtandio. Yalitoka maonyo mawili matatu, halafu programu ikawaka kama ilivyowaka Tegeta. Jesca akaandika wake wanne, akaandika watoto kumi na mmoja, akajumlisha kwa kikokotoo. Kisha akauliza, "Nikisema marehemu hakuacha mtoto?"

"Hapo itakataa. Sijaifundisha bado. Itaandika kwamba uende kwa shehe."

Jesca akaandika, nayo ikamwambia aende kwa shehe. Hapo ndipo alipocheka, akaegemea kiti.

"Jumatatu saa mbili. Utaanza kwa majaribio, ila uje umekaa, maana umesimama tangu nimefika."

Najma alirudi Tegeta hajui amepitaje njiani. Alipita dukani kwanza, akaomba simu, akampata Talha. Talha akasema, "Alhamdulillahi. Basi hiyo kompyuta si ya wanangu tena, ni yako," na sauti yake haikuwa na kinyongo.

Jua lilikuwa limezama alipoingia uchochoroni. Umeme ulikuwepo, balbu ya ukumbini inawaka, lakini hakusikia tamthilia. Akaharakisha, akidhani kuna msiba. Aliwakuta wote wamekaa: Bernadeta na kigoda chake, Mzee Mudathir, Bi Somoe, na Bibi Hija karibu kabisa na televisheni, mkono wake juu ya waya wa kompyuta kama mtu anayelinda yai. Kioo kilikuwa kitupu.

"Shikamooni. Mbona hamuangalii?"

"Bibi yako katukataza kuchomoa," Bernadeta alilalamika. "Siku ya pili hii, na yule mwanamke bado yupo mlangoni na kisu."

"Programu si imo humu?" Bibi Hija alisema. "Tungechomoa ikamwagika, ungetuambia nini?"

Programu ilikuwa kwenye mkoba wake kutwa nzima, na Najma hakuwaambia. Alipiga magoti, akamtoa Bibi mkono taratibu, akaubusu, akachomoa waya.

"Haiendi tena popote, Bibi," alisema. "Wala mie."

Tamthilia ikaja katikati, na ukumbi ukapiga kelele. Bernadeta, macho yakiwa kwenye kioo, alisogeza kigoda, akapiga mkeka kando yake. Najma akakaa.